Mama Mkwe, Mimi na Mayai ya Korongo

Siku ya kwanza kukutana na mama mkwe wangu kule kinamasini, niliruka majini. Sikufikiri. Nilimwona anakuja juu ya tuta, mundu mkononi na leso kichwani, na miguu yangu ikaamua yenyewe. Nikajitosa kwenye mafunjo, maji yakanifika kifuani, darubini ya kikundi chetu cha kulinda ndege ikawa inakunywa maji pamoja nami. Yeye naye alishageuka upesi akafunika uso, akawa anatazama ziwa kama mtu aliyetumwa kulitazama. Tukakaa hivyo. Yangeyange mmoja aliyesimama katikati yetu alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaendelea kutafuta vyura.

Mtu wa mbali ataniuliza kulikuwa na ugomvi gani. Hakuna ugomvi. Tunaheshimiana tu. Mimi ni mtu wa Kirewa, upande wa Tororo, na nyumbani tunasema Dhopadhola. Mke wangu ni Msamia wa Lunyo, huku Busia, karibu na ziwa. Kwa mambo mengi watu wetu hawafanani, hata ugali hatukubaliani uwe mgumu kiasi gani, lakini kwenye hili la mama mkwe tunaelewana kama tuliozaliwa nyumba moja. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, wala hasemi naye moja kwa moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno, unamwambia mtu mwingine, hata kama mama mkwe yuko nyuma ya mlango anasikia kila kitu, na yule mtu analirudia kama vile yeye ndiye aliyelifikiri.

Mimi naipenda mila hii, sitaki kudanganya. Nina rafiki wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ambaye mama mkwe wake humpigia simu kila jioni kumuuliza amekula nini na kwa nini. Mimi sijawahi kupigiwa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe alikuwa sauti ya kikohozi upande wa pili wa ukuta, na sahani ya samaki waliokaangwa vizuri sana. Nilikuwa nimeridhika kabisa.

Kilichoniharibia raha ni ubishi. Mimi ni fundi wa pikipiki mjini Busia, na fundi asiye mbishi sijamwona bado. Kulikuwa na mteja wangu, mmoja wa kikundi cha watu wanaohifadhi ndege wa majini huku kwetu, na siku moja akakaa kwenye benchi langu akisema kwamba korongo taji hazai tena kwenye ukingo wa ziwa. Kinamasi chote kimekuwa mpunga, akasema, ndege wanakuja kula tu kisha wanaondoka. Nikamwambia si kweli. Akaniuliza nimejuaje. Sikuwa nimejua lolote, ila hasira za karibu ninazo, na spana ilikuwa mkononi. Nikamwambia twende popote nimwonyeshe. Kufikia jioni nilikuwa mwanachama, nimepewa gambuti, darubini, na koti la kung'aa linaloonekana kutoka Kenya.

Huyo korongo taji unamjua. Ndiye wa kwenye bendera yetu. Kwenye bendera amekunja mguu mmoja, ametulia kama anapigwa picha ya pasipoti, ingawa pasipoti hana haja nayo. Anakula Kenya, analala Uganda, sawa na nusu ya watu wa Busia, na hakuna askari wa mpakani aliyewahi kumuuliza amebeba nini. Ana taji la manyoya ya dhahabu, mashavu meupe, na mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Nilimpenda tangu mtoto. Ilikuwa inaniuma kusikia kwamba amebaki kwenye kitambaa tu.

Walipogawana sehemu za kinamasi, kila mmoja na kipande chake cha kulinda, mimi nilinyoosha mkono kwa sauti kubwa nikachukua Lunyo. Nilijiona mjanja. Kule nina wakwe, nikafikiri, watu hawatanisumbua. Sasa hapo ndipo mila iliponichezea. Mkwe anapokwenda kwa wakwe, hatembeitembei. Anafika, anaingizwa sebuleni, anakaa kwenye kiti chake, anakula, anashukuru, anarudi kwao. Kuuliza shamba la mama mkwe liko wapi ni utovu wa adabu. Utafikiriwa unatafuta urithi. Kwa hiyo heshima yangu yote ya miaka hiyo ilinifanya niwe mtu pekee katika Lunyo asiyejua kwamba majaruba ya mpunga ya mama mkwe yako pale pale, katikati ya kipande nilichokipigania.

Nilipotoka majini siku ile, baada ya kusikia gambuti zake zikienda mbali, nilipanda kwenye tuta nikafuta darubini kwa shati lililolowa, yaani nikaichafua zaidi. Nikatazama. Nusu ya jaruba lake ilikuwa imekatwa nyasi, safi, tayari kwa kupandwa. Nusu nyingine ilikuwa bado matete na majani marefu ya majini. Na katikati ya hiyo nusu, juu ya kichanja cha nyasi zilizokanyagwa, taji la dhahabu lilikuwa linatikisika kidogo kwa upepo. Alikuwa amekaa. Mwenzake alisimama pembeni amenitolea macho. Yule aliyekaa alipoinuka kujigeuza niliona mayai, mawili, ya rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, nikajiziba mdomo kwa mkono wenye tope. Halafu nikauona mundu, yaani sikuuona, niliukumbuka, na furaha ikanitoka.

Maana mambo yalikuwa wazi hata kwa fundi wa pikipiki. Korongo hulalia mayai yake karibu mwezi mzima. Pale juu kwenye nchi kavu mama mkwe alikuwa na kitalu, miche ya mpunga mibichi inayopendeza, na miche nayo haina subira ya mwezi. Ukichelewa kuipandikiza inarefuka, inakuwa ya njano, na hata ukiipanda itakupa punje za kuhesabika. Mpunga huo ndio chakula chake cha msimu. Ni mjane, hana kingine ila kipande cha mihogo nyuma ya nyumba. Akipanda kwa wakati, hata ile nusu safi peke yake, mayai yamekwisha, maana korongo akikanyagiwa maji karibu naye siku nzima hukimbia kiota. Akingoja, yeye ndiye atakayelala njaa, si mimi na darubini yangu. Na mtu wa kumwomba angoje alikuwa mimi, ambaye siruhusiwi hata kumwambia habari za asubuhi.

Nilianza na njia ya kawaida, yaani mke wangu.

"Mwambie mama namwomba sana, kwa heshima, asikate zile nyasi zilizobaki."

Mke wangu alipiga simu mbele yangu, akazungumza Kisamia kirefu. Kisamia changu ni cha kununulia samaki, nilishika maneno machache tu, na mojawapo lilinishtua.

"Mbona nimesikia serikali?"

"Nimemwambia akikata, serikali itamfunga."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Wewe husemi vizuri. Ombi lako halina nguvu."

Huyo ndiye mke wangu. Ukimpa ujumbe anautia chumvi, pilipili na nyanya. Jibu la mama lilikuja likiwa limepikwa vile vile: eti anauliza kama ndege wangu wana hati ya shamba. Nikatuma jingine. Likarudi jingine, kali zaidi. Tulikwenda hivyo mpaka siku moja mke wangu akaweka simu juu ya meza, akakunja mikono.

"Mimi si mlingoti wa simu," akasema. "Mama ni wangu, mume ni wangu, ndege si wangu. Mtafutane."

Nikaliwasilisha jambo kwenye mkutano wa kikundi. Mwenyekiti akaniuliza kama nimezungumza na mwenye jaruba. Nikasema ni mama mkwe wangu. Chumba kizima kikanionea huruma. Kuna mzee mmoja hata alivua kofia. Kulikuwa na mgeni kutoka mbali aliyekuja kuhesabu ndege pamoja nasi, mtu mzuri tu, akasema kwa nini nisimpigie simu. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye pia akacheka, ingawa nadhani hadi leo hajui alicheka nini.

Basi nikarudi kinamasini, maana kulinda ni kulinda. Nilijibanza nyuma ya matete, mbali na kiota, nikingoja mama mkwe aje na mundu wake ili angalau nikohoe. Kikohozi ndicho kilichobaki kwenye lugha yangu. Alikuja, akakata nyasi za upande wa mbali, nikakohoa. Kesho yake alikuja tena, nikakohoa tena. Siku iliyofuata alisimama, akanipa mgongo, akamgeukia yangeyange aliyekuwa anamfuatafuata kuokota panzi.

"Wewe ndege mweupe," akasema, kwa Kiswahili cha sokoni, kile alichokichukua miaka ile alipokuwa akiuza dagaa pale mpakani. "Kuna mtu huko nyuma ya matete. Mwambie nasikia kikohozi yake tangu juzi. Kama ni kifua, dawa iko. Kama ni maneno, aseme na nyinyi ndege, nyinyi mtaniambia."

Sheria inasema usiseme na mama mkwe ila kupitia mwingine. Haijasema huyo mwingine awe mtu.

Nikatafuta ndege wangu. Kulikuwa na kulastara amesimama kwenye maji, mrefu, wa kijivu, amenyamaza kama karani wa mahakama. Nikamgeukia huyo, nikampa mama mkwe mgongo.

"Mzee kulastara, habari ya asubuhi. Naomba umfikishie mama salamu zangu. Mwambie samahani kwa usumbufu. Mwambie pale kwenye nyasi kuna ndege amelalia mayai mawili, na mimi nilikuwa naomba—"

"Ndege mweupe," mama mkwe akanikata, "mwambie macho ninayo. Hayo mayai niliona kabla yeye. Kwani yeye anafikiri ni nani aliacha hiyo nyasi bila kukata? Mimi nilikuwa nakata upande ile ingine, pole pole, nawaachia wao hapa. Halafu nasikia serikali inakuja kunifunga."

Aibu ilinipanda kutoka kwenye gambuti. Nikamwambia kulastara, kwa sauti ya chini, kwamba yale ya serikali hayakuwa yangu, ni chumvi ya njiani. Halafu nikasikia kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia kupitia ukuta wowote: mama mkwe anacheka. Anacheka kama mke wangu, kwa kuvuta pumzi kwanza.

"Najua," akamwambia ndege mweupe. "Huyo nilizaa mimi."

Tukaelewana, sisi wanne. Nyasi hazitakatwa mpaka mayai yaanguliwe. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kutoa bure. Akamtuma ndege mweupe aniambie kwamba miche yake nayo haina mama wa kuilalia, na kwa kuwa mimi nimekuja kulinda, nilinde vyote. Kwelea walikuwa wamepiga kambi karibu na kitalu, na ng'ombe wa watu walikuwa wanashuka kunywa maji na kupitia kwenye miche kama njia kuu. Kwa hiyo nikawa mtu wa ajabu: asubuhi mlinzi wa ndege, mchana mfukuza ndege. Koti langu la kung'aa lilifaa kazi zote mbili. Wapita njia wa Lunyo waliniona nikimwambia korongo maneno matamu ya kumtuliza, nikageuka hapo hapo nikarushia kwelea udongo na matusi, wakaenda kumpa mke wangu pole.

Siku zile nilijifunza namna mama mkwe anavyofikiri, kitu ambacho wakwe wengi hufa bila kukijua. Kwake yeye ndege walikuwa wa aina mbili tu, wanaokula mpunga na wasiokula. Lakini mtu anayetuma barua lazima ajue anamtuma nani, na pole pole akaanza kuwachagua. Neno la kawaida alimpa ndege mweupe. La kunigombeza alimpa kwarara, kwa sababu kwarara ana kelele hata kabla hajatumwa. Kama jambo lilikuwa jepesi alimpa sile maji, yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Mambo ya kunisema vibaya kidogo, ambayo nilipaswa kusikia na kujifanya hamnazo, alimpa mnandi, yule mweusi anayesimama amepanua mabawa kuyakausha. Alisema anamkumbusha shemeji yake marehemu, aliyekuwa akikausha koti lake vile vile kila akitoka kulewa.

Fundichuma peke yake ndiye hakumtuma kamwe. Kiota cha fundichuma kilikuwa kwenye mti wa pembeni, kikubwa kama gunia la mkaa, na tulipopita chini yake wote wawili tulinyamaza. Huyo hachezewi, si Lunyo, si Kirewa; anayegusa kiota chake anajiletea balaa. Ndiyo maana kiota chake hakihitaji mlinzi mwenye koti.

Nikawa napenda kwenda. Karakana ikawa inalala, wateja wananung'unika, na mimi niko kinamasini namwambia mdiria habari za mke wangu na bei ya sukari ili mama mkwe azisikie. Siku zile ndipo nilipoona jinsi mahali pale palivyojaa. Bata waliotoboa njia kwenye magugu, membe waliofuata mitumbwi, ndege wadogo wa pwani ya ziwa wanaokimbia kama wamechelewa shule. Nilikuwa nimeishi karibu nao maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuwa na sababu ya kusema nao.

Lakini miche ilikuwa inakua. Kila siku niliitazama na kila siku ilikuwa imerefuka. Mama mkwe naye aliitazama. Wenzake wa majaruba ya jirani walikuwa wameshapanda, mashamba yao yameanza kuwa kijani, na lake lilikaa na maji matupu upande mmoja na korongo upande wa pili. Nilisikia mwanamke mmoja akimpitia na kumwambia kwamba bendera haipikwi. Moyo uliniuma, kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kumjibia.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nilipofika, ziwa lilikuwa limepanda kwenye majaruba. Siku hizi ziwa hili lina tabia hiyo, linapanda bila hodi. Nilikimbia juu ya tuta nikimtafuta korongo kwa macho. Alikuwa bado amekaa, lakini kichanja chake kilikuwa kimebaki kidogo tu juu ya maji, na yeye na mwenzake walikuwa wanang'oa nyasi kwa midomo yao na kuzitia chini ya mayai, haraka haraka, kama watu wanaookoa magunia ghalani. Nyasi zilizo karibu nao zilikuwa zimekwisha.

Mama mkwe alikuwa ndani ya maji tayari, mpaka kiunoni, anakata matete kwa mundu. Nikasimama. Kwa desturi nilitakiwa kurudi nyuma na kumngoja aondoke. Sikurudi. Nikaingia majini, nikamgeuzia mgongo, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea aliko, nikijipima kwa sauti ya mundu.

"Ndege mweupe," akasema, na hakukuwa na ndege mweupe yeyote, walikuwa wamekimbilia mitini, "mwambie asimame hapo. Mimi nakata, naachilia kwa maji. Yeye anapokea, anasukuma karibu na huyo mama. Asiguse kiota. Huyo mama atajichukulia mwenyewe."

Ndivyo tulivyofanya. Alikata mafungu ya nyasi akayaachilia yaelee nyuma yake, nami nikayapokea kwa kunyoosha mikono nyuma bila kugeuka, kisha nikayasukuma mbele kwa fimbo mpaka yafike karibu na kiota. Dume alinijia mabawa wazi, akanipiga bega, nikamwomba radhi nikaendelea. Tulirudi nyuma kidogo na kungoja. Jike akanyoosha shingo, akavuta unyasi wa kwanza, akautia chini yake, akavuta wa pili. Nilisikia mama mkwe akitoa pumzi nyuma yangu.

Ndipo nilipotazama upande wa nchi kavu nikaona kitalu. Maji yalikuwa yamekifikia. Ncha za miche tu ndizo zilizobaki juu.

"Mzee kulastara," nikasema, "mwambie mama kitalu kinazama. Mwambie aende, mimi nitabaki hapa."

Mundu uliendelea kukata.

"Mwambie miche inaweza ngoja maji ishuke," akasema. "Mayai haiwezi."

Maji yalishuka baada ya siku chache. Miche haikufa, lakini ilikuwa imelala, na ilipoinuka ilikuwa ya njano kama nyasi za kiangazi. Tuliitazama, kila mmoja kwa wakati wake.

Mayai yalianguliwa asubuhi moja tulivu. Nilifika nikakuta vifaranga wawili wa rangi ya kahawia, wanayumba kwenye miguu isiyokuwa na adabu. Nilikaa chini kwenye tuta nikalia, sioni haya kusema. Kufikia saa za kula, wazazi walikuwa wameshawashusha kwenye maji ya kina kifupi na kuondoka nao kupitia kwenye matete, dume mbele, jike nyuma, taji zikipanda na kushuka. Hawakuaga. Hawakugeuka hata kumtazama aliyewaletea nyasi. Mama mkwe alikuwa amesimama mbali, leso usoni.

"Kwarara," akasema, "mwambie huyo mtu avue hiyo koti. Leo tunapanda."

Siku hiyo hiyo akamaliza kukata nyasi zilizobaki, mimi nikang'oa miche kwenye kitalu. Ilikuwa dhaifu mpaka nikaishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Tukaigawana. Kupandikiza mpunga ni kazi ya kurudi nyuma: unainama, unachomeka, unarudi hatua, unachomeka tena, ili usikanyage ulichopanda. Kupitia kwarara tukakubaliana kwamba yeye aanzie tuta la upande wa ziwa, mimi la upande wa nyumbani. Kila mmoja anatazama tuta lake, migongo inatazamana, hakuna anayemwona mwenzake. Nilisifu mpango huo. Nilimwambia kwarara kwamba mama ana akili sana.

Watu wawili wazima, tumelima tangu utotoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza tutakutana wapi.

Jua lilikuwa kali, kiuno kikawaka moto, nikawa sifikirii kitu ila mche ulio mkononi. Nilichomeka miwili miwili kwa kuwa ilikuwa minyonge. Nilikuwa najua, na yeye alijua zaidi, kwamba tunapanda kitu kisichojaza hata debe la maana, na kwamba msimu huu atakula mihogo mpaka aichoke. Nikarudi hatua. Nikainama. Nikarudi hatua nyingine, na makalio yangu yakagonga makalio ya mama mkwe wangu.

Nilikufa ganzi. Kwa jambo kama hilo watu hukaa vikao. Nilifumba macho, mche mkononi, nikingoja aseme na ndege yeyote, nikitafuta nami ndege wangu wa kumwomba msamaha. Hakukuwa na hata mmoja. Wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa ghuba kufuata maji, kinamasi kilikuwa kimya, na mimi na yeye tulikuwa peke yetu tumeinama katikati ya mpunga.

Nikasikia maji yakichezacheza. Alikuwa amegeuka. Alisimama akiitazama mistari yangu, yote, kutoka tuta la nyumbani mpaka miguuni pangu.

"Wewe," akasema, na hapakuwa na mwingine wa kuitwa wewe. "Mstari yako imepinda. Ng'oa, anza tena."

Miaka yote ile nilidhani nimebahatika kwa kukosa kuambiwa hivyo na mama mkwe.

"Ndiyo, mama," nikasema. Nikainama, nikang'oa, nikaanza tena.